Saa ya Macho Ine

Habari hii nilipewa na Mama Ngalula mwenyewe, siku ya posho, Jumamosi, ya kwanza ya mwezi wa tatu, alipofika kwetu Butembo kunisalimia. Yeye ni OPJ wa polisi ku Beni, ule anayeandikaka maneno ya batu mbele hawajapelekwa ku parquet, kwa bashitaki ya serikali. Alizaliwa Kasaï, serikali ikamuleta huku, na mambo ya kakao hakuijua. Tulikuwa tunachagua maharagi. Pale aliposimama kwa kukasirika, nimeacha akasirike.

Ilikuwa siku ya ine ya juma, Alhamisi, saa mbili ya asubui. Ngalula aliweka simu juu ya meza ya bureau, akaitazama kama mbuzi iliyokataa kuvuka muto.

Ilikuwa simu ya bei ya chini, ile bamotard, babebaji ya batu na pikipiki, banaita Macho Ine, sababu ku mugongo iko na matundu ine ya camera. Nyeusi, nzito, kioo imepasuka. Kule juu kabisa, mahali simu zote zinaonyeshaka saa, kulikuwa doa nyeusi, sawa wino ilimwagika ndani.

Mu simu ile mulikuwa picha moja, na kwa ajili ya picha ile mutu mumoja alikuwa anakwenda kufungwa.

Mutu yule ni Zacharie, sentinelle, mulinzi wa depot, gala ya kakao. Siku ya pili ya juma, magaribi, mafuko kumi na mbili ilipotea mu depot. Haikuwa hata mafuko ya boss. Ilikuwa ya bamama ya mashamba, baliiweka pale kungojea bei. Kufuli haikuvunjwa, ilifunguliwa. Funguo ni mbili tu: moja ya Zacharie, moja ya boss mwenyewe, Apollinaire.

Zacharie alisema: nilifunga saa kumi na mbili kamili, nikaenda kwangu kula, nikarudi saa moja, nikakuta mulango iko wazi, nikamupigia boss simu. Apollinaire naye alisema: niliacha depot saa kumi na moja na nusu, nikaenda kwangu Mulekera, sikutoka tena mpaka Zacharie aliponiita, nikafika na gari saa moja na dakika kumi. Bote bawili balitia signature ku PV, kartasi ya maneno yao.

Lakini mu simu, Zacharie alikuwa anasimama ku mulango ya depot, fuko ya kakao ku bega, muguu moja ndani, moja inje. Na chini ya picha kuliandikwa: siku ya pili, 18:47. Saa ile alisema iko kwake anakula.

Commandant Laurent, mukubwa wa bureau, aliingiza kichwa.

— Mama Ngalula, gari ya parquet itapita leo saa kumi na moja. Dossier ya Zacharie iwe imefungwa.

— Mon commandant, iko kitu haikai muzuri mu hii dossier.

— Kitu gani?

— Sijaijua bado.

— Basi funga. Kitu haina jina, hatuiandikake mu PV.

Akaondoa kichwa.

Ngalula aliita Jordy, motard mwenye simu. Alikuwa mutu wa miaka makumi tatu hivi, baba ya batoto batatu, na tangu jana alikaa ku banc ya inje kwa kungojea simu yake.

— Wewe Jordy. Ulipiga hii photo kwa sababu gani?

— Maman OPJ, nimesema mara tatu. Nilikuwa najaribu simu.

— Sema mara ya ine.

— Hii simu bado ya Falonne, muuzishaji wa Butembo. Siku ya posho alinipa siku tano ya kujaribu. Ikinipendeza naibeba, isiponipendeza narudisha. Donc nikapiga kila kitu ya pale ku kona yetu, mbele ya depot. Kuku. Nyumba. Mbuzi ya pasta. Angalia.

Ngalula aliangalia. Picha makumi saba na tatu. Kuku peke yake alikuwa na kumi na tisa.

— Na Zacharie?

— Alipita mbele ya camera sawa kuku tu.

— Ilikuwa jua ao giza?

— Jua ilikuwa ingali. Nilimuambia commandant. Akaniambia nikibishana na mashini nitaingia mwenyewe mu cachot.

— Saa hukuiona?

— Niione wapi, Maman? Doa imeifunika. Na sina ya mukono.

Ngalula alirudia picha ile, akaivuta kwa vidole ikuwe kubwa. Ilipokuwa kubwa ikavunjika vipande vipande, sawa ukuta ya briques. Zacharie alikuwa na kichwa bila macho. Kando, chini, kulikuwa kitu ya buluu, labda maji, labda bati. Hakuna mutu angeweza kuapa kama ni jua ao ni taa.

— Macho ine, Ngalula alisema, na hakuna moja inaona!

Akapita ku picha zingine. Ya mwisho ya siku ile ilikuwa nyeusi yote, na nukta moja nyekundu katikati: taa ya nyuma ya gari, moja tu, ingine imekufa. Chini yake: 19:12. Ile haikumupa kazi. Apollinaire aliiona jana, akacheka, akaandikisha mu PV kama ni gari yake, taa yake ya kuume ilikufa, ni pale alipofika kisha kuitwa. Kila kitu kilikaa mahali yake. Ni hiyo ilimukasirisha.

Saa tatu na nusu Agar akafika, bibi ya Zacharie, na sahani imefungwa mu kitambaa. Ku cachot, mahabusu yetu, munajua, mutu anakula kile bake banamuletea. Askari alifungua sahani, akapima fufu na kidole, akaipitisha. Agar hakuondoka.

— Mama, banasema iko photo. Miye ni bibi yake, sijaiona. Na mafuko mbili mu ile kumi na mbili ni yangu. Niliichuma na hii mikono. Kama ni yeye ameniiba, nionyeshe.

Hakulia. Ngalula akamupa simu.

Agar alitazama sana. Hakutazama bwana yake. Aliweka kidole chini, kando, pale ku buluu.

— Hii nayo?

— Maji, nazani. Ao bati.

— Hapana. Ni bâche, ile turubai ya kuanikia. Na juu yake ni kakao.

— Na kisha?

Agar akamutazama na huruma, sawa banavyomutazama mugeni.

— Mama, wewe si wa huku. Kakao hailalake inje. Jua ikianza kushuka tu, tunakunja bâche, tunaingiza. Umande ikiishika usiku moja, inafanya ukungu, mununuzi anainusa na kukuambia rudisha ku shamba. Saa kumi na mbili hautaona bâche hata moja imetandikwa mu Beni muzima. Hata muvivu. Hata mulevi.

— Lakini simu inasema karibu saa moja.

— Basi simu haina shamba.

Ngalula aliacha kahawa ipoe, akakimbia ku bureau ya commandant. Laurent alimusikiliza mpaka mwisho, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kama angemukatiza.

— Umemaliza? Agar ni bibi ya nani?

— Ya Zacharie.

— Simu ni bibi ya nani?

— Ya mutu hapana, mon commandant.

— Njo hivyo. Mashini haina bwana, haina ndugu, haipikie mutu fufu. Inasema 18:47. Uniletee mashini ingine inabisha, nitaisikiliza. Na hii uizime, uiweke mu enveloppe, piga cachet, muhuri yetu. Kitu ya ushuhuda haichezewake.

— Nitaizima nikirudi.

— Ukirudi wapi?

— Butembo. Nataka kumuona aliyeiuzisha.

Laurent aliangalia saa ya ukuta, akainua mabega.

— Saa kumi na moja, Mama. Gari haingojake simu.

Jordy alimubeba ku moto, pikipiki yake. Njia ilikuwa vumbi na mashimo, na ku barrière ya basoldat bakakaa nusu saa nyuma ya camion ya mbao, dereva wake alisahau kartasi na hakutaka kukubali kama amesahau. Ngalula alihesabu dakika na meno. Bakaingia Butembo saa saba imepita.

Duka ya Falonne ilikuwa meza moja ya kioo na muavuli. Falonne mwenyewe alikuwa mwanamuke munene, amefunga kitambaa ya njano, na alipoona kioo ya simu mu mikono ya Ngalula hakuangalia hata uniforme.

— Jordy! Papa wa kuvunja! Nilikupa simu, umenirudishia nini? Dirisha ya kanisa?

— Falonne, iliteleza…

— Simu haitelezake. Mikono njo inateleza. Utaibeba hivyo hivyo, utalala nayo!

— Mama Falonne, Ngalula alisema, hiyo mutasemezana kisha. Mutu anakwenda gerezani leo kwa sababu ya hii simu. Niambie ukweli yake. Hapana ule unaambiaka bakiliya. Ule wa kweli.

Falonne aliketi. Alikamata simu, akaipima mu kiganja sawa mutu anapima kilo ya nyama.

— Ukweli. Sawa. Batterie yake: namba moja. Siku ine, siku tano hujaigusa. Njo maana iko nzito. Network: inashika hata mahali simu ya bei kubwa inakufa. Sauti: mu soko utasikia. SIM mbili. Kwa mutu wa njia sawa huyu, hakuna ingine.

— Na ubaya?

— Camera. Matundu ine, moja tu njo inaona. Tatu ni kioo ya kubandika.

Jordy akaruka.

— Falonne! Uliniambia ziko ine!

— Na ziko ine. Uliniuliza kama zinaona?

— Endelea, Ngalula alisema.

— Kivuli ikija kidogo, hii inaona usiku. Upige jua ikishuka tu, utasema ni saa sita ya usiku. Memory ni kidogo, ikijaa inaanza kusinzia. Kioo, ukiitazama vibaya inapasuka. Tundu ya chaji inachezacheza, cable inataka kufungwa na mupira. Mais kwa ile bei huwezi kupata yote. Ukitaka batterie, unaacha macho. Ukitaka macho, unatembea na chargeur. Miye nasemaka: mutu achague kile atalilia.

Ngalula alijisikia muchovu. Hakuna mu maneno yale kitu ya kumutoa Zacharie. Kama camera inaona giza mahali kuna mwangaza, basi picha yake ya kijivu ingeweza kuwa jua. Lakini “ingeweza” haiwezi kupigwa cachet.

— Na saa yake? akauliza, kwa kumaliza tu. Iko sawa?

— Saa inafuata network ikiituma. Hakuna kazi.

— Nionyeshe.

— Doa imefunika. Ngoja nifungue réveil, saa ya kuamusha, kule inaandikwa katikati.

Falonne aligusa mara mbili. Namba zikatoka, kubwa, nyeupe: 14:26.

Ngalula alitazama saa ya ukuta nyuma ya Falonne. Saa saba na dakika makumi mbili na sita.

— Saa yako ya ukuta imekufa, akasema.

— Ile? Iko muzima kuliko miye.

Ngalula akageuza mukono yake. Saa saba na dakika makumi mbili na sita. Akarudia simu. 14:26. Dakika zilikuwa sawa kabisa. Saa njo ilikuwa moja mbele.

Kisha Falonne akafunga macho kidogo, sawa munganga ameona ugonjwa anayoijua.

— Jordy, hii simu uliipeleka wapi?

— Popote. Mulekera, Butembo…

— Mbali. Karibu na Uganda.

— Siku ya yenga, kesho ya posho, nilibeba mama mumoja wa samaki mpaka Kyavinyonge. Ni kule ilianguka, ku mawe ya pale mitumbwi zinafikaka.

— Njo hiyo! Falonne alipiga meza. Kule ku ziwa network ya Uganda inavuka maji bila passport. Simu zingine hazisikie. Hii, na ile antenne yake ya kusifiwa, imesikia, ikashika, ikabeba na saa yao. Uganda beko mbele yetu saa moja, si munajua? Kila juma banafika hapa bamama ya Kyavinyonge na ba chauffeur ya Kasindi, ku mupaka: Falonne, simu yako inanipeleka kanisani mapema!

— Lakini alirudi Beni siku ile ile. Mbona haikujirekebisha?

— Network yetu haitumake saa. Hii inabaki na ile ya mwisho iliyopewa, mpaka mutu aibadilishe na mukono, ao izimike. Ikizimika inasahau, inakuuliza upya. Simu mbaya ingezimika siku ya kwanza. Hii batterie yake ni muzuri. Donc imekaa Uganda tangu yenga mpaka leo.

Ngalula alishika pembe ya meza. Network muzuri, batterie muzuri. Sifa mbili za kweli mu simu muzima, na zote mbili zilimufunga Zacharie.

Akatoa saa moja mu kichwa yake. 18:47 ikawa 17:47. Jua ingali, bâche ingali inje, Zacharie anaingiza mafuko mbele ya kufunga, vile alivyosema tangu mwanzo.

— Batterie imebaki ngapi? akauliza.

Falonne alitafuta.

— Sita mu mia.

— Na ikizimika?

— Itasahau. Utabaki na maneno yangu, na commandant atakuambia Falonne ni mufanya biashara.

— Uweke ku chaji!

— Courant, umeme, ilikwenda tangu saa ine. Nami nangojea.

Ngalula alisema neno moja ya Kasaï ambayo hakunitafsiria.

Falonne akachomeka cable ku moto ya Jordy, akaifunga na kipande ya chambre à air, mupira ya ndani ya gurudumu, akaikaza mpaka ikanyamaza. Akamuandikia Ngalula maneno yake yote ku kartasi, akatia jina. Jordy akawasha. Ku shimo ya kwanza cable ilitoka. Ngalula akairudisha. Ku shimo ya pili ikatoka. Kufika barrière aliacha kuirudisha, akaifunga na mukono yake mwenyewe, vidole vitatu juu ya tundu, sawa mutu anaziba damu.

Ni pale barrière, nyuma ya ile ile camion ya mbao iliyokuwa inarudi, alifikiri juu ya picha ya mwisho. Nukta nyekundu. 19:12.

Akatoa saa moja. Kisha akahesabu upya, kwa kuhakikisha.

— Jordy, akasema, kimbia.

— Maman OPJ, njia…

— Kimbia, papa.

Bakafika bureau saa kumi na dakika makumi ine. Mu chumba ya commandant mulikuwa Apollinaire, mununuzi wa kakao, chemise nyeupe, funguo ya gari ku kidole. Alikuja kuona namna Zacharie anapanda gari ya parquet. Laurent alikuwa amemuitia Fanta.

— Mama Ngalula! Apollinaire alisema. Vumbi yote hiyo! Ungeniomba gari.

— Aksanti, papa. Mon commandant, umesema nilete mashini ingine inabisha. Nimeleta ile ile.

Akaweka simu juu ya meza, réveil imefunguliwa, chini ya saa ya ukuta. 17:42 ku simu. Ku ukuta, saa kumi na dakika makumi ine na mbili. Akaeleza kwa maneno kidogo, akaweka kartasi ya Falonne kando.

Laurent alitazama juu, akatazama chini. Akatazama tena juu.

— Tuizime, akasema, tuiweke mu enveloppe, kesho nitauliza technicien.

— Ukiizima inasahau. Batterie iko mbili mu mia. Andika sasa, mon commandant. PV ya mistari mitatu. Saa ya bureau, saa ya simu, tarehe.

— Kalamu yangu…

— Hii yangu.

Laurent aliandika. Anaandikaka polepole, kila herufi na koti yake. Kalamu ikakauka ku “constatons”. Ngalula akatoa ya pili. Simu ikalia kidogo: moja mu mia. Apollinaire alicheka.

— Mbona makelele? Saa moja mbele, saa moja nyuma, mwizi ni mwizi.

— Papa, wewe njo umeshitaki, Ngalula alisema. Soma mwenyewe, kusikuwe mutu kusema tulikuficha. Simu ni saa ngapi?

— 17:44.

— Na ukuta?

— 16:44. Basi?

— Tia signature kama umeona.

Akatia, na mukono ya mutu amezoea kutia. Laurent akatia. Cachet ikaanguka. Namba nyeupe zikabaki kidogo tena, halafu Macho Ine ikazimika juu ya meza, na hakuna mutu alijaribu kuiamsha.

— Donc, Laurent alisema polepole, Zacharie ku photo ni 17:47. Alikuwa anaingiza mafuko.

— Sawa alivyosema. Na bâche ni inje, sawa Agar alivyosema.

— Bon. Bon. Hatuna kitu ya kumupeleka nayo. Askari! Fungueni Zacharie.

— Ngojeni, Apollinaire alisema, na nani basi…

— Hiyo njo naulizaka tangu jana, papa. Ngalula alifungua dossier, akatoa PV ya Apollinaire, akaigeuza iangalie yeye. Hapa ulisema ile taa nyekundu ni gari yako. Ni signature yako?

— Ni yangu. Nilifika kisha kuitwa. 19:12.

— 19:12 ya simu.

Fanta ilikuwa ku mukono yake. Hakuinywa, hakuiweka.

— Saa ya simu iko mbele saa moja, umeitia signature sasa hivi. Gari yako ilikuwa ku mulango ya depot saa kumi na mbili na dakika kumi na mbili. Zacharie alikuwa kwake anakula. Hakukuita bado. Na wewe ulituandikia kama uko Mulekera, hukutoka.

— Photo ni nyeusi. Ilikuwa usiku!

— Hii simu inaona usiku mapema. Muulize Falonne. Njo yeye aliyeiuzisha, kartasi yake ni ile juu ya meza.

Laurent alisimama, akafunga dirisha, akafungua tena. Yeye na Apollinaire baliimbaka mu chorale moja ya kanisa, Ngalula alijua.

— Mama Ngalula, akasema bila kumutazama, hiyo ni likambo ingine. Ni dossier ingine. Itaandikwa kesho, saa mbili. Papa Apollinaire iko na anwani, iko na nyumba, hawezi kukimbia.

— Zacharie pia alikuwa na nyumba, mon commandant. Mbona alilala mu cachot?

— Kesho, saa mbili.

Mafuko kumi na mbili iko mahali fulani, labda usiku ule ule itabebwa, na yeye anaambiwa kesho. Alisimama mbele ya Apollinaire, akanyosha kiganja.

— Funguo.

— Funguo gani?

— Ya gari. Gari imeingia mu PV kwa signature yako. Ni kitu ya ushuhuda, na kitu ya ushuhuda haichezewake. Si hivyo, mon commandant? Ulinifundisha leo asubui.

Laurent alikohoa. Kisha akainamisha kichwa kidogo, mara moja. Funguo ikaanguka mu kiganja.

Inje, Apollinaire aliita Jordy.

— Motard! Mulekera!

— Papa, Jordy alisema, akipangusa kiti yake na kitambaa, hii moto iko ku essai, naijaribu tu. Bado sijue kama inatembea.

Akaenda na miguu, chemise nyeupe mu vumbi, na bamama ya ku kona balimutazama mpaka akapotea.

Zacharie alitoka bila viatu, mukaba mu mukono. Agar hakumukumbatia. Alimutazama toka kichwa mpaka miguu.

— Kakao yangu bado haijarudi, akasema.

— Najua.

— Twende ukule.

Lakini hakula. Agar alimuambia Ngalula kesho yake kama alimuacha ku kiti, akaenda kupakua, akarudi na sahani, akakuta amelala, shingo imelegea, na jua haijashuka hata. Akamufunika na ile kitambaa ya sahani, haikumufika ku magoti. Yeye mwenyewe akalala mapema, sababu ya shamba. Jordy alilala bibi yake anamuuliza simu iko wapi.

Ngalula alifika kwake, akaketi ku kitanda. Hakuwa na furaha. Mutu mumoja ametoka, mafuko kumi na mbili bado, na kati yake na saa mbili ya asubui kulikuwa usiku muzima wa mutu mwenye pesa na marafiki. Akaweka PV zote mbili, ya saa na ya Apollinaire, chini ya godoro. Akakamata Macho Ine na funguo ya gari, akazifunga pamoja na kile kipande ya chambre à air, akakaza mpaka ikanyamaza.

Akasikiliza njia, kama mutu atakuja kutafuta funguo ao kupitisha mafuko. Hakuna gari ilipita. Akalala na viatu.